Ukuta wa Bahari na Mlipaji Wake

Katika Barabara ya Barack Obama mjini Dar es Salaam, pale ambapo mawimbi ya bamvua yalikuwa yakiila ardhi kidogo kidogo hata yakakaribia lami, umesimama ukuta wa bahari wenye urefu wa meta 920, na watu wanaokwenda pale jioni kupunga upepo hawajui, wala hawana haja ya kujua, kwamba fedha zilizoujenga zilipita njia ya ajabu kabla ya kugeuka mawe na saruji. Zilitoka katika Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, uliozaliwa na Itifaki ya Kyoto, na sehemu kubwa ya mali ya mfuko huo kwa miaka ile ilikuwa ni ushuru wa asilimia 2 uliotozwa katika biashara ya kaboni: kiwanda cha China au cha India kilipunguza moshi wake, kikapewa hati, hati zikauzwa kwa kampuni za Ulaya zilizotaka kutimiza wajibu wao pasipo kuzima mitambo yao, na katika kila hati 100 mbili zikawekwa kando kwa ajili ya nchi maskini. Mradi huo, ambao ulijenga pia ukuta wa Kigamboni, uliidhinishwa mwishoni mwa 2011 kwa dola za Marekani zipatazo milioni 5, na ukuta ukazinduliwa 2018. Miaka yote hiyo bahari iliendelea na kazi yake.

Nimeanza na ukuta huu kwa sababu majadiliano ya kimataifa juu ya tabianchi, yakisikilizwa kwa mbali, huonekana kuwa ni maneno matupu ya mabwana wenye tai, hali yakichunguzwa kwa karibu huwa ni mabishano juu ya swali moja lisilo la kitaalamu hata kidogo, nalo ni hili: bahari ikipanda na mvua ikikosa majira yake, nani atalipa? Swali hilo lilikuwapo tangu awali. Mwaka 1991, kabla hata ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wenyewe kutiwa saini, Vanuatu ilisema kwa niaba ya visiwa vidogo vya dunia kwamba ianzishwe bima ambayo nchi tajiri zitaichangia, ili visiwa vitakavyoliwa na bahari vipate fidia. Shauri hilo halikukubaliwa. Kilichopatikana Rio de Janeiro mwaka uliofuata ni ibara ya 4 ya Mkataba, inayosema kwamba nchi zilizoendelea zitazisaidia nchi zinazoendelea zilizo hatarini zaidi katika gharama za kuhimili, bila ya kutaja kiasi, muda, wala mizani ya kumpima nani yu hatarini zaidi ya mwenziwe. Mabishano ya miaka 30 na zaidi tangu hapo yamekuwa, kwa sehemu kubwa, ni jitihada ya kuujaza uwazi huo.

Yafaa msomaji afahamu tofauti ya kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kupunguza gesijoto, na nafuu yake haina mipaka, kwa kuwa tani ya hewa ukaa isiyotoka Shanghai humfaa mtu wa Pemba sawasawa na mtu wa London. Fauka ya hayo, mitambo ya jua huuza umeme na kumrudishia mwenye mali fedha zake. Kazi ya pili ni kuhimili: kujenga ukuta, kupanda mikoko, kutafuta mbegu za mtama zinazokomaa upesi, kumpa mvuvi wa Mafia habari ya kimbunga kabla hajasukuma ngalawa majini. Kazi hii haiuzi kitu. Ukuta wa Pangani huwalinda watu wa Pangani tu, na mkulima wa Kisiwa Panza, ambaye maji ya chumvi yameingia katika bonde lake la mpunga, hana faida ya kumgawia mwekezaji. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo asili ya unyonge wote wa kuhimili mbele ya watoa fedha, na tusiupambe kwa maneno mengine: anayetoa haoni kitakachomrudia.

Hesabu zinathibitisha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kwamba nchi zinazoendelea zinahitaji, kwa kila mwaka wa mwongo huu, baina ya dola bilioni 215 na 387 kwa ajili ya kuhimili, ilhali fedha za umma zilizovuka mipaka kwa kazi hiyo mwaka 2021 zilikuwa bilioni 21 tu. Ahadi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, iliyotolewa Copenhagen mwaka 2009 na ambayo ilikuwa itimie 2020, ilitimia 2022 kwa hesabu ya watoaji wenyewe, na katika fedha za umma za mwaka huo zaidi ya theluthi mbili zilikuwa mikopo. Jirani ambaye mbuzi wake wameyala mahindi yako, kisha akaja asubuhi kukukopesha fedha za mbegu, tena kwa riba, na akataka ashukuriwe mbele ya watu, hatuna desturi ya kumwita mfadhili.

Hata hivyo insafu inatutaka tukiri kwamba hoja ya watoa fedha, kwamba si kila hasara imeletwa na tabianchi, si upuuzi mtupu. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye miti yake na ufuko ambao kasa walikuwa wakitaga; leo huonekana kama fungu la mchanga maji yakipwa, na maji yakijaa hakipo. Bahari ndiyo iliyokichukua, lakini ukataji wa miti nao hutajwa miongoni mwa sababu. Je, hasara ya namna hiyo iandikwe katika daftari la nani? Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Songdo huko Korea Kusini, humtaka mwombaji abainishe kwamba dhara analotaka kulizuia limetokana na tabianchi wala si umaskini wa siku zote au uzembe, jambo ambalo kwa kalamu ni rahisi. Kwa mkulima wa Simiyu, ambaye ukame na ukosefu wa bomba la maji ni msiba mmoja, ni kumtaka aupasue msiba wake vipande viwili na kuleta kimoja tu. Mkoa huo ulipata bahati, maana mwaka 2017 Mfuko uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 za kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria, ila maombi yalipitia mikononi mwa benki ya maendeleo ya Ujerumani.

Ndiyo maana Waafrika wanautazama ule Mfuko wa Kuhimili kwa jicho la mapenzi, ijapokuwa ni mdogo. Katika bodi yake nchi zinazoendelea zina wajumbe wengi zaidi, mwenyekiti wake wa kwanza mwaka 2008 alikuwa Mtanzania, Richard Muyungi, na ndio uliofungua mlango wa nchi kuomba fedha kwa taasisi yake yenyewe pasipo wakala wa nje, mlango ambao Senegal ilikuwa ya kwanza kuupita mwaka 2010. Ubaya ni kwamba riziki yake ilifungamanishwa na soko. Hati za kaboni zilizopindukia euro 20 kwa tani mwaka 2008 zilianguka chini ya euro 1 mwishoni mwa 2012, na mfuko uliokusudiwa kujitegemea ukarudi kwenye michango.

Ajabu kubwa zaidi iko katika chumba chenyewe cha majadiliano. Tangu mkutano wa kwanza wa Berlin mwaka 1995 nchi wanachama hazijakubaliana kanuni ya kupiga kura, kwa hiyo kila jambo hupitishwa kwa ijmai, na dola moja yenye ukaidi yaweza kuwazuia karibu 200. Rasimu huonyeshwa ukutani, na kila neno lisiloafikiwa hutiwa katika mabano ya mraba. Mjumbe huomba neno “ruzuku” litiwe, mwingine huomba litiwe katika mabano, wa tatu hutaka mabano ndani ya mabano, na saa nane za usiku aya moja huwa imejaa alama hizo kuliko maneno. Dola kubwa huwa na wajumbe wa kupokezana usiku kucha. Ujumbe wa watu wachache kutoka kisiwa kidogo hulazimika kuchagua chumba kipi ukiache. Huko Baku mwaka 2024 wajumbe wa visiwa vidogo na wa nchi zenye maendeleo duni waliinuka wakatoka nje ya kikao kwa kuona hawasikilizwi. Walirejea, na kilichopitishwa kikawa lengo la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ambalo mjumbe wa India alilikataa hadharani baada ya nyundo kwisha kugongwa.

Mwaka 2025 huko Belém, Brazil, mkutano ulitoa wito fedha za kuhimili ziongezwe angalau mara tatu ifikapo 2035, nchi maskini zikiwa zimetaka iwe 2030, na ukapitisha viashiria 59 vya kupimia maendeleo ya kuhimili. Kundi la Afrika, ambalo mwaka huo liliongozwa na Muyungi yule yule, halikuvipokea kwa furaha, nalo lilikuwa limeomba muda zaidi wa kuvitengeneza. Kwani kiashiria kinachouliza nchi imetenga kiasi gani cha bajeti yake kwa kuhimili, pasipo kumbana mwenye ahadi, chaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa. Mabishano hayo hayajafungwa, na mkutano wa 2027 utafanyika Addis Ababa.