Mama Amekuja Kusikiliza Ngonjera

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za binti mmoja wa darasa la tano na mama yake muuza mihogo.

Shule ilikuwa ikiwaaga darasa la saba, na binti akapangwa kughani ngonjera. Mnaijua ngonjera? Ni shairi la majibizano. Upande huu unadai, upande ule unapinga, wanajibizana ubeti kwa ubeti, na mwishowe wanakubaliana. Mara nyingi ubeti huwa na mishororo minne, na kila mshororo mizani 16: nane kwanza, nane baadaye. Ukipunguza mzani mmoja, sikio la msikilizaji linashtuka.

Mtunzi aliyezivumisha ngonjera ni Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo, Dodoma, mwaka 1917. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, alizitumia kuwaeleza wananchi siasa ya Ujamaa. Alifariki mwaka 1969, na mwaka uliofuata kitabu cha kwanza cha Ngonjera za Ukuta kikachapishwa. Hakuzitunga zisomwe kimya chumbani. Alitaka watu wasimame waseme, na wengine wakae wasikilize.

Siku ya mahafali ikafika. Binti akatupa macho chini ya turubai: wazazi wa wenzake wapo, mama yake hayupo. Moyo ukaanza kwenda mbio, viganja vikalowa jasho, koo likamkauka. Nanyi mkipatwa na hayo, msiogope. Mwili ukihisi jambo kubwa linakuja, humwaga kwenye damu kemikali iitwayo adrenalini, nayo huufanya moyo upige upesi. Mwili unajiandaa tu, hauugui.

Zamu yake ilipokaribia, akamwona mama anaingia, kanga begani, biashara kamwachia jirani. Viti vimejaa. Mama akasimama nyuma, akamkazia macho mwanawe. Binti akavuta pumzi, akaanza. Sauti yake ikafika hadi kwenye mwembe wa getini, na hakukosa mzani hata mmoja. Alipomaliza, mama akapiga kigelegele, akapita katikati ya watu, akamtuza noti ya shilingi 1,000. Wazazi wengine nao wakainuka kuwatuza waghani wote.

Mama huyo alijua kwamba atapoteza mauzo ya mchana, akaja vilevile. Alifanya jambo la busara, kwa sababu ngonjera ina pande tatu: anayedai, anayepinga na anayesikiliza. Upande wa tatu ukikosekana, wale wawili wanamwambia nani?

Basi, wajukuu zangu, mkipangwa kughani, kuimba au kuigiza shuleni, waambieni wazazi tarehe mapema, wapate kupanga shughuli zao. Na mzazi akibanwa na kazi asiweze kuja, msimnunie. Jioni akirudi na akishapumzika, simameni wima mbele yake mghani beti zote, tangu wa kwanza hadi wa mwisho.