Umelala Wapi?

Mgeni akiamka na homa nyumbani kwa bibi yangu, Mvumi mkoani Dodoma, bibi hakuanza kwa kumgusa paji la uso. Aliuliza kwanza, "Siku hizi zilizopita umelala wapi?" Kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo za nyumba za tembe hukaa papasi. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, na kabla hujaamka ameshajificha tena. Homa anayoiacha huja, huondoka, kisha hurudi. Bibi alijua kwamba mahali ulipolala ni nusu ya jibu.

Nilipougua huku Connecticut, Marekani, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, zilipita wiki saba bila mtu yeyote kuniuliza swali la namna hiyo.

Ilianza Julai. Mgongo uliwaka moto, usiku zaidi ya mchana, na maumivu yakashuka hadi pajani. Baadaye mguu wa kushoto ukaingia ganzi, hata ndara ikawa inanivuka njiani nisijue. Asubuhi moja ya Agosti nilikuwa napiga mswaki, maji yakachuruzika upande mmoja wa mdomo. Nikatazama kioo: uso umepinda, na jicho la kulia linakataa kufumba.

Picha ya MRI ilionyesha madoa meupe machache kwenye ubongo. Daktari wa kwanza, mtu mpole, alisema anashuku MS, yaani maltipo sklerosisi. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, ikashambulia mailini, ala inayofunika mishipa ya fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Ala ikichubuka, amri za ubongo huchelewa au hupotea njiani: jicho huona ukungu, mguu hulegea, ganzi huzagaa. Duniani wapo wagonjwa takriban milioni 2.8, wengi wao wanawake, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40. Mimi nilikuwa na 34. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho nikiwa na vijitabu vya dawa za maisha yote, nikihesabu binti yangu atakuwa na miaka mingapi siku nitakaposhindwa kutembea.

Daktari wa pili, mama wa makamo, aliiweka picha pembeni. "Unashinda wapi?" Nikamweleza: kwa mzee mmoja ambaye bustani yake imepakana na msitu, na kulungu huja alfajiri kula maua. Mwezi Juni tulikuwa tukiokota matawi pamoja, mimi nimevaa kaptura. Je, niliona alama yoyote mwilini? Hapo nikakumbuka doa pana pajani, la zambarau iliyokoza, ambalo nilidhani nimejigonga kwenye kitanda cha mzee.

Alama hiyo huletwa na ugonjwa unaoenezwa na kupe, na picha zake nyingi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe: duara jekundu, wakati mwingine lina kitovu kama shabaha. Kwenye ngozi yangu lilikuwa kama jeraha la kujigonga, basi. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu weusi mara nyingi hugunduliwa na ugonjwa huu ukiwa umeshasambaa. Linaniuma, maana dalili ilikuwepo mwezi mzima, nami naiona kila nikioga.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Lyme, kwa jina la mji ulio hapa hapa Connecticut. Katikati ya miaka ya 1970 mama mmoja wa huko, Polly Murray, aliandika daftarini maradhi ya familia yake na ya majirani, akakataa kuambiwa ni mawazo yake tu. Mwaka 1975 daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kuchunguza, akakuta watu 51 katika miji mitatu jirani wenye magoti yaliyovimba. Chanzo kilipatikana mwaka 1981, pale Willy Burgdorfer alipopasua kupe chini ya hadubini akaona bakteria waliojisokota kama chemchemi ya godoro.

Na hapa nilishtuka. Burgdorfer aliwatambua kwa sababu ujanani, huko Basel, Uswisi, shahada yake ya udaktari ilihusu vimelea vya homa ya papasi. Mwalimu wake, Rudolf Geigy, ndiye aliyeanzisha maabara ya Ifakara, mkoani Morogoro. Mdudu wa ukutani kwa bibi ndiye aliyemfundisha mzungu yule kumtambua ndugu yake wa Marekani.

Kupe wa Lyme hana haraka ya papasi. Mchanga wake ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na kwa kawaida hulazimika kung'ang'ania zaidi ya saa 24 ndipo aambukize. Ndiyo maana sasa kila jioni najikagua nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na nyuma ya masikio. Nikimkuta, namng'oa kwa kibanio, wima, bila mafuta wala moto.

Nilitolewa maji ya uti wa mgongo. Yalikuwa na chembe nyeupe nyingi kuliko ilivyo kawaida kwa MS, na kingamwili dhidi ya bakteria wa Lyme. Nilichomwa antibiotiki, seftriaksoni, kwa siku 21. Uso ulinyooka kufikia Oktoba.

Lakini Lyme hufanana na MS kwa nadra tu. Kwa kawaida hupindisha uso, huchoma mizizi ya mishipa, huleta homa ya uti wa mgongo. Na kipimo cha damu kina mitego miwili: wiki za mwanzo kinaweza kusema huna wakati unao, na miaka mingi baada ya kupona kinaweza bado kusema unao.

Mfanyakazi mwenzangu aliingia kwenye mtego huo wa pili. Jicho lake la kushoto liliuma na kuona ukungu, damu ikaonyesha kingamwili za Lyme, labda za kupe wa zamani. Hadithi yangu ilimtia moyo. Mimi mwenyewe nilimwambia akatae kuambiwa ni MS. Alipata mtu wa kumpa antibiotiki kwa miaka miwili. Kila shambulio lilipopoa alisema dawa inafanya kazi, naye hakujua kwamba mashambulio ya MS mara nyingi hupoa yenyewe, kisha hurudi. Sasa hutundikiwa dripu ya dawa ya MS kila miezi sita, na tangu aanze hajapata shambulio jipya. Jicho la kushoto halikurudi. Jumamosi mimi ndiye ninayemwendesha kwenda sokoni.