Konje ya siku 12: njia tatu za kufika ku bahari

Kila siku shaba yetu inavuka Kasumbalesa, inaenda ku bahari. Sisi tunaoitoa mu udongo, wengi hatujaiona hiyo bahari hata mara moja. Ndugu wanatuuliza ku sendika: na bibi na watoto, tunaweza kufika Dar es Salaam mu konje? Inawezekana, lakini hesabu siku kwanza, feza nyuma.

Sheria ya kazi inatoa siku 1 ya kazi kwa kila mwezi uliotumika, tena siku 1 ya kuongeza kwa kila miaka 5. Kwa mwaka mumoja ni siku 12, njo juma mbili. Kama mapatano ya kampuni yenu yanatoa zaidi, delege wenu anajua.

Bisi. Ni karibu kilomita 2 000, kupitia Ndola, Kapiri Mposhi, Nakonde na Tunduma. Weka siku 3, juu mipaka ni miwili. Kwenda na kurudi, siku 6 zimekwisha. Bei iko chini, lakini mutoto mudogo anachoka sana.

Treni. TAZARA, ile Wachina walijenga na ikafunguliwa 1976, inatoka Kapiri Mposhi mpaka Dar, kilomita 1 860. Kwa ratiba ni karibu siku 2, lakini inachelewa mara mingi. Usipange kurudi usiku wa mbele ya zamu yako. Wanaume na wanawake wanalala mbalimbali, ila jamaa inayolipa chumba kizima inakaa pamoja: vitanda 4 mu klasi ya kwanza, 6 mu klasi ya pili. Reli iko inatengenezwa. Mbele ya kutoka, uliza Kapiri kama treni ya abiria inatembea.

Ndeke. Hata ukizunguka Addis-Abeba, haikuli siku mingi. Lakini kwa watu watano, bei inaweza kumeza mishahara ya miezi.

Karatasi: kila mutu passeport yake, hata mutoto, na karte ya manjano ya chanjo. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na Tanzania ikatuondolea visa 2023. Zambia haimo mu Jumuiya. Uliza ku konsula yake Lubumbashi. Ukivuka Tunduma, songesha saa mbele saa moja.

Kufika Dar, hapana lazima Zanzibar, masaa mbili ya mashua na tiketi ingine. Pantoni ya Kigamboni inavuka kwa dakika chache na feza kidogo, na ng'ambo kuko muchanga na maji ya chumvi kwa watoto.

Omba konje kwa barua, mbele ya miezi kazaa, na chunga kopi yenye muhuri. Mukubwa wa kazi akikuambia uchukue feza ubaki ku kazi, mujibu kwa heshima: konje ni ya mwili na ya jamaa, si ya kuuzisha.