Malisho Yanayofungwa Wakati wa Mvua

Leo twataka kuzungumza juu ya swali moja: Mkristo ajiwekeje tayari kabla siku ya taabu haijamfikia?

Jambo hili twafundishwa na Maandiko, lakini hapa kwetu twafundishwa pia na majirani. Waborana, ambao wengi wao ni Waislamu, wana utaratibu wa tangu zamani wa kutunza malisho, nao huuita dedha. Nchi ya malisho, kama ile ya pande za Merti, Garba Tulla na Kinna, husimamiwa na wazee. Kuna malisho ya wakati wa mvua, yaliyo mbali na mito na visima vya kudumu. Kuna malisho ya kiangazi, yaliyo karibu na maji hayo. Tena kuna malisho ya akiba, ambayo hayaguswi ila ukame ukizidi, na wazee wakisha kukubaliana kuyafungua. Mvua inaponyesha, mifugo hupelekwa mbali kunywa maji ya madimbwi, ili majani ya karibu na visima yapumzike. Anayeingiza ng'ombe mahali palipofungwa hutozwa faini.

Mgeni aweza kushangaa. Majani yamejaa, ng'ombe wapo, mbona wanakatazwa? Lakini wazee wanajua kwamba majani ya kuliwa wakati wa ukame hayaoti wakati wa ukame. Huota wakati wa mvua, na hubaki kwa sababu yalilindwa siku ambazo hakuna aliyeona haja yake.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo lilipo fundisho letu. Imani ya siku ya taabu haioti siku ya taabu.

Mtazame Danieli, katika sura ya sita ya kitabu chake. Amri ilipotolewa kwamba mtu yeyote asimwombe Mungu, Danieli alipanda chumbani mwake akapiga magoti mara tatu kwa siku. Hakuanza desturi mpya siku ile. Alifanya yale aliyoyazoea siku zote, wakati hapakuwa na simba wala tundu. Mtazame na Bwana Yesu mwenyewe. Alipoteswa msalabani, maneno aliyomlilia nayo Baba yake yalitoka katika Zaburi ya 22 na ya 31. Alikuwa amekwisha kuyaweka moyoni zamani, na katika uchungu ule yalikuwa karibu naye.

Wengi wenu mwaukumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020. Mvua zilikosekana majira matano mfululizo. Mnamo Septemba 2021 Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliutangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Kabla haujaisha mwaka 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili walikuwa wamekufa katika nchi yetu, na mizoga ilionekana kando ya barabara zetu hapa Isiolo. Kisha, watu hawajapumua, mvua za mwisho wa mwaka huo huo wa 2023 zikaleta mafuriko. Taabu haina sura moja. Aliyejiandaa kwa jua aweza kufikiwa na maji.

Katika miezi ile ya ukame tulikwenda kumtembelea mama mmoja mzee aliyepoteza karibu mbuzi wake wote. Tuliketi naye, tukafungua Biblia, tukaanza kugeuza kurasa huku na huku tukitafuta sehemu ya kumfariji. Twaungama kwamba mioyo yetu ilikuwa mikavu siku ile, na hatukujua la kusoma. Mama yule hajui kusoma. Lakini tulipokuwa bado tunatafuta, alianza mwenyewe kuisema polepole Zaburi ya 23, ile ya mchungaji na majani mabichi, aliyofundishwa kwa moyo miaka mingi iliyopita katika darasa la kipaimara. Nje ya nyumba yake hapakuwa na jani hata moja. Alipokwisha alilia, nasi tukalia pamoja naye. Sisi tulikwenda kumlisha, naye ndiye aliyetulisha kutoka katika malisho yake ya akiba.

Basi, tutaiwekaje akiba hiyo? Twataja mambo matatu.

Kwanza, Neno la Mungu moyoni. Usitegemee kwamba utalitafuta siku ya msiba, maana siku ile macho yana machozi na akili imetawanyika. Jifunze kwa moyo zaburi moja leo, nyumba nzima, watoto na wakubwa.

Pili, desturi ya sala. Sala fupi ya kila asubuhi na kila jioni yaweza kuonekana kuwa kitu kidogo. Lakini mguu uliozoea njia huifuata hata gizani.

Tatu, amani na watu. Hakuna mtu mmoja anayeweza kulinda dedha peke yake. Ni kazi ya jamii nzima. Vivyo hivyo Mkristo aliyejitenga na ushirika, aliyenuniana na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba au deni, siku ya taabu hujikuta peke yake. Patana naye sasa. Mara nyingi tumesimama makaburini tukasikia mtu akimwomba marehemu msamaha. Maneno yale yangaliweza kusemwa juma moja mapema, mezani, juu ya kikombe cha chai.

Lakini tusidanganyane. Kujiweka tayari si dawa ya kuzuia taabu, wala si kusema kwamba Mkristo halii. Tena katika ukame ule mrefu malisho ya akiba yenyewe yaliliwa yakaisha mahali pengi, ingawa wazee walikuwa wameyalinda vema. Je, akiba yetu ya kiroho ikiisha? Je, mtu akijaribu kusali asipate hata neno moja?

Hapo tumkumbuke Petro. Bustanini aliambiwa akeshe na kuomba, naye akalala. Taabu ilipokuja hakuwa na akiba, akamkana Bwana wake mara tatu. Hata hivyo, ukisoma Luka sura ya 22, utaona kwamba kabla ya Petro kuanguka, Yesu alikuwa amekwisha kumwombea ili imani yake isikome. Petro hakuwa tayari, lakini Bwana alikuwa tayari kwa ajili yake. Hii ndiyo akiba ya mwisho, nayo haikuwekwa na mikono yetu. Jambo hili lisitufanye wavivu. Litufanye tusikate tamaa.

Labda kwako leo ni wakati wa mvua. Watoto wana afya, kazi ipo, ng'ombe wanatoa maziwa. Basi huu ndio wakati wenyewe wa kufunga malisho. Usingoje mpaka vumbi liinuke.

Na tuombe. Ee Bwana, Mchungaji wetu, tufundishe kukutafuta siku za shibe, ili siku za njaa tujue njia ya kuja kwako. Wakumbuke wote ambao taabu imewafikia leo kabla hawajajiandaa, na uwaombee wewe mwenyewe mbele za Baba. Amina.