Protini Zinazoitunza Mimba ya Farasi na Funzo Lake kwa Kipimo cha Mimba

Farasi jike aliyepandishwa miezi miwili iliyopita huchukuliwa damu, na majibu huonyesha kwamba ana mimba. Daktari wa mifugo anapompima kwa altrasaundi, mfuko wa uzazi huonekana hauna kitu. Kipimo cha damu hakikukosea, wala mashine haikukosea. Kila kimoja kimejibu swali lake. Jambo hili lamhusu pia mwanamke anayeshika mkononi kipimo chenye mistari miwili, na ili kulielewa yafaa kufuatilia kazi ya protini zinazoitunza mimba ya farasi tangu mwanzo.

Mimba ya farasi huchukua takribani miezi 11. Kiinitete huingia katika mfuko wa uzazi kikiwa na umri wa siku 6 hivi, na muda mfupi baadaye huvikwa gamba jembamba lakini imara, lililoundwa kwa protini zilizofungamana na sukari. Kikiwa ndani ya gamba hilo, kiinitete huzunguka mfuko mzima mpaka siku ya 16 au 17, ndipo kikatulia mahali pamoja. Kwa mzunguko huo mwili wa mama hutambua kwamba kuna mimba. Usipotambua, mama hurudi kwenye joto na mimba hupotea. Wakati huo kondo la nyuma bado halijaundwa, hivyo chakula hutoka katika tezi za ukuta wa mfuko. Miongoni mwa vitu vinavyotolewa na tezi hizo ni protini iitwayo uterokalini, inayobeba mafuta na vitamini A na kuvipitisha gambani hadi kwa kiinitete.

Nguzo ya mimba yote ni homoni ya projesteroni, ambayo hapo mwanzo hutengenezwa katika ovari na tezi ya manjano, yaani ile inayobaki mahali yai lilipotoka. Kati ya siku ya 36 na 38, chembe za utando wa nje wa kiinitete hupenya ukuta wa mfuko na kuunda vivimbe vilivyojipanga mfano wa pete, ambavyo wataalamu huviita vikombe. Vikombe hivyo humwaga katika damu ya mama homoni ya protini ijulikanayo kwa kifupi kama eCG. Mwaka 1930, Harold Cole na George Hart wa Chuo Kikuu cha California walieleza kwamba majimaji ya damu ya farasi wenye mimba, yakidungwa kwa panya wachanga, huzikuza ovari zao kabla ya wakati. Katika farasi mwenyewe, eCG husaidia ovari kuunda tezi nyingine za manjano, na projesteroni huongezeka mpaka kondo likomae na kuichukua kazi hiyo.

Kwa muda mrefu vikombe vilidhaniwa kuwa sehemu ya mwili wa mama. Katika miaka ya 1970, W. R. Allen na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba chembe zake hutoka upande wa mtoto. Kwa kuwa nusu ya urithi wa chembe hizo ni wa baba, chembe nyeupe za damu ya mama huzizingira kama mgeni na hatimaye huzivunja. Kufikia siku ya 120 hadi 150 hivi, eCG huwa imekwisha katika damu.

Hapo ndipo fumbo la mwanzo linapofumbuka. Kijusi kikifa baada ya vikombe kujengeka, vikombe haviondoki pamoja nacho. Huendelea kumwaga eCG kwa wiki nyingi, na kwa kawaida farasi huyo harudi kwenye joto lenye kuzaa mpaka vinyauke. Damu yasema mimba ipo, ilhali mtoto hayupo.

Mwanadamu naye ana homoni ya ukoo huo huo, iitwayo hCG. Hutolewa na chembe za kondo tangu mimba inapojishikiza, na huitunza tezi ya manjano katika wiki za mwanzo hadi kondo liweze kutengeneza projesteroni ya kutosha. Hiyo ndiyo protini inayotafutwa na kipimo cha mkojo. Kwa hiyo mistari miwili hutoa ushahidi wa chembe za kondo zilizo hai au zilizokuwa hai karibuni. Haisemi mimba iko wapi, wala kama moyo wa mtoto unapiga.

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi hutoa mistari miwili. Mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina mtoto kabisa, hutoa hCG nyingi kupita kawaida. Mimba iliyoharibika huweza kuacha hCG mwilini kwa wiki kadhaa, hata mwanamke akapima tena na kupata tumaini lisilo na msingi.

Mhudumu wa afya anayepokea mwanamke mwenye mistari miwili, anayetokwa na damu au mwenye maumivu ya tumbo, asimwambie kwamba mimba i salama kwa sababu ya kipimo hicho. Ampeleke kwenye altrasaundi mapema, na inapobidi hCG ya damu ipimwe zaidi ya mara moja ili ijulikane kama inapanda au inashuka. Mwanamke mwenye maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya bega asingoje kesho. Huenda mrija wa uzazi umepasuka na damu inavujia ndani. Na aliyesafishwa mimba zabibu asiache kuhudhuria vipimo vya hCG alivyopangiwa, hata akijiona mzima, kwa kuwa chembe zilizobaki huweza kugeuka saratani, na protini hiyo ndiyo huzifichua mapema, wakati tiba ingali na nafasi kubwa ya kuponya.