Mwajiri Asingoje Siku ya Mwisho

Amri ya kazi haizuki usiku mmoja. Hutangazwa, hutiwa tarehe, na kati ya tangazo na tarehe hiyo mwajiri hupewa nafasi ya kutengeneza mambo yake. Leo twapenda kusema juu ya nafasi hiyo, maana ndipo haki ya mfanyakazi inapoweza kupotea kabla hajaionja.

Tutwae mfano ulio karibu. Mwezi wa Oktoba 2025 Serikali ilitangaza amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, Tanzania Bara. Kiwango cha jumla kilipanda kutoka shilingi 275,060 kwa mwezi hadi shilingi 358,322, na kila aina ya kazi ikawekewa kima chake. Amri ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Waajiri, basi, walipewa zaidi ya miezi miwili.

Muda kama huo ni wa kufungua madaftari. Mshahara wa msingi ukipanda, haupandi peke yake. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, nayo hupanda. Malipo ya likizo ya siku 28 hupanda. Mchango wa hifadhi ya jamii, ambao ni asilimia 20 ya mshahara, hupanda. Hata kiinua mgongo, yaani ujira wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka kumi, hupimwa kwa mshahara huo. Mwajiri aliyehesabu mshahara tu amehesabu nusu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Lakini yuko mwajiri wa namna nyingine. Huyu hutumia nafasi hiyo kuwaondoa watu wa zamani, kisha huwarudisha kwa jina la vibarua. Au huchukua posho ya nyumba na nauli, akaichanganya na mshahara, akasema kima kimetimia. Huko si kujiandaa. Ni kuikimbia sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwachia njia hiyo. Anayetaka kupunguza watu hana budi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi. Aliyeachishwa bila haki anaweza kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila afanye hivyo ndani ya siku 30. Aliyekaa kimya akingoja huruma ya bwana mkubwa, siku hizo zitampita.

Nchi yetu ililijua jambo hili mapema. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira iliweka Kamati za Wafanyakazi mahali pa kazi, kwa sababu msimamizi alikuwa akimfukuza mtu kwa neno moja tu. Kamati hizo zilifundisha kwamba haki iliyoandikwa hailindwi na karatasi. Hulindwa na watu walioisoma.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, maandalizi si ya mwajiri peke yake. Kila mmoja awe na maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kila mwezi adai hati ya malipo, aisome, ailinganishe na kima cha kazi yake. Viongozi wa matawi wabandike jedwali la amri mahali pa kazi, wamsomee asiyejua kusoma.

Amri ya mwaka 2013 ilifuatwa na ya 2022, na ya 2022 ikafuatwa na ya 2025. Nyingine itakuja. Mwajiri aliyetengeneza daftari lake leo hataogopa tangazo hilo, na mfanyakazi aliyesoma haki yake leo hatadanganywa siku hiyo.