MICHIRIZI KWENYE KIOO CHA KOMPYUTA: NI JOTO AU NI UMEME?

Katika toleo hili tumeona tuandike juu ya ile kompyuta ya mezani iliyopo ofisini kwetu. Tunazo sababu mbili. Kwanza, wazazi kadhaa hapa Mnero wamenunua kompyuta za mtumba baada ya mauzo ya korosho au ufuta, na wamekuwa wakituuliza mbona kioo kinacheza. Pili, sisi walimu tunadaiwa maelezo. Pesa ya michango yenu ilitumika vibaya, si kwa hila bali kwa kutojua, na haki yenu ni kuelezwa.

Kisa chenyewe

Wiki mbili kabla ya mahafali, kioo kilianza kutoa michirizi ya rangi. Mara vidoto vya kijani vilitapakaa kama mtama uliomwagika, mara picha nzima ikaganda, mara kioo kikawa cheusi huku feni ikiendelea kunguruma. Tulimwita fundi. Alitazama kwa dakika tano akasema, "Ustadhi, kioo kimekufa." Tulichukua shilingi 120,000 kutoka mfuko wa mahafali, tukanunua kioo kingine. Kesho yake saa nane mchana michirizi ikarudi kwenye kioo kipya, ile ile.

Majina na maksi za wanafunzi vilikuwa ndani ya mashine, na hatukuwa na nakala popote. Vyeti vya mwaka ule tuliviandika kwa mkono kutoka kwenye madaftari ya mahudhurio, na baadhi yenu mlivipata vikiwa na majina yaliyokosewa. Tunaomba radhi.

Aliyetufumbua macho ni mwanafunzi wa darasa la tano aliyekuja kufagia ofisi. Alisema, "Ustadhi, mbona asubuhi haina michirizi?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko shilingi 120,000.

Picha hutoka wapi?

Kioo chenyewe hakitengenezi picha, kazi yake ni kuonyesha kile kinacholetewa. Kioo cha nukta 1024 kwa 768 kina nukta 786,432, na kila moja hupewa rangi yake upya kiasi cha mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya nukta milioni 47 kila sekunde. Rangi ya kila nukta ni namba iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine, na chipu ya picha ndiyo huzisoma namba hizo na kuzipeleka kwenye kioo kupitia waya.

Chipu ikipata joto kali, ishara zake huchelewa, na kumbukumbu hupoteza upesi zaidi kile ilichokishika. Umeme ukipungua nguvu, chipu hushindwa kutofautisha ndiyo na hapana. Kwa vyovyote namba hukosewa, na namba ikikosewa nukta hupata rangi isiyo yake. Makosa yakiwa machache utaona vidoto, yakiwa mengi utaona michirizi na miraba, na yakizidi mashine huganda au hujizima.

Hatua ya kwanza: okoa kazi yako

Kabla ya kugusa bisibisi, washa mashine wakati imepoa, nakili mafaili yote muhimu kwenye flashi, na flashi hiyo uiweke mbali na mashine. Kifaa hununuliwa tena, lakini orodha ya maksi za mwaka mzima hainunuliki.

Hatua ya pili: kioo, waya au mashine?

Jaribio hili halina gharama yoyote. Bonyeza kitufe cha menyu kilichopo kwenye kioo chenyewe. Menyu ile hutengenezwa na kioo, si na kompyuta. Ikitokea safi huku picha ya nyuma yake ina michirizi, kioo chako ni kizima. Au chomoa waya wa picha: kioo kitaandika kwamba hakipati ishara. Maandishi hayo yakiwa na michirizi, basi kioo ndicho kibovu. Lau tungelijua jambo hili, pesa yenu isingelitoka.

Kisha kagua waya. Waya wa VGA una sindano katika mistari mitatu, na tatu kati ya hizo hubeba nyekundu, kijani na bluu. Bluu ikikatika, picha huwa ya manjano. Kijani ikikatika, huwa ya zambarau. Nyekundu ikikatika, huwa ya rangi ya bahari. Picha ikibadilika rangi namna hiyo, kaza skrubu za waya au jaribu waya mwingine. Ukiona sindano moja ya mstari wa kati haipo usishtuke, nyaya nyingi hutengenezwa hivyo.

Hatua ya tatu: andika saa

Chukua daftari, kila tatizo likitokea andika saa, muda ambao mashine imewaka, na nini kingine kilikuwa kinatumia umeme. Sisi tuliandika kwa siku sita, tukapata mambo mawili tofauti. Asubuhi mashine ilikuwa salama. Mchana, baada ya kuwaka kama dakika arobaini, michirizi ilianza. Na baada ya Maghrib kioo kilizimika ghafla, hata kama mashine ilikuwa imewashwa muda huo huo, hasa taa zilipofifia.

Tatizo linalokuja baada ya mashine kuwaka muda mrefu hutokana zaidi na joto. Linalofuata kufifia kwa taa, au kuwashwa kwa pasi na mashine ya kusaga iliyo kwenye laini moja nawe, hutokana zaidi na umeme. Linaloonekana tangu sekunde ya kwanza, kabla hata Windows haijafunguka, huenda ni kadi au kumbukumbu iliyolegea. Nalo linaloonekana ndani ya Windows tu, huenda ni programu inayoendesha kadi ya picha, na dawa yake ni kuiweka upya. Sisi tulikuwa na mawili kwa pamoja, ndiyo maana tulichanganyikiwa.

Hatua ya nne: kutibu joto

Thibitisha kwanza. Fungua ubavu wa boksi, weka feni ya mezani ipulize ndani, bila kugusa kitu. Michirizi ikitoweka, umepata jibu.

Huku kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla ya mvua, huwa ni joto na vumbi jekundu kwa pamoja. Tulipofungua boksi letu tulikuta vumbi limeganda kati ya mapezi ya aluminiamu mfano wa blanketi, nyigu wamejenga udongo kwenye tundu la nyuma, na feni ya juu ya chipu haizunguki. Zaidi ya hayo, boksi lilikuwa ndani ya kabati lililozibwa nyuma, juu yake tumetandika kitambaa cha kufuma. Tulidhani tunaitunza, kumbe tunaipika.

Kusafisha ni hivi. Chomoa waya wa umeme, subiri dakika kumi, kisha utoke nje na boksi. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa bodi, ili umeme wa mwilini usiunguze chipu. Tumia brashi laini ya kupakia rangi na bloa, au pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, na funga pua kwa kitambaa. Kumbukumbu ichomoe, usugue meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, uirudishe mpaka ibane. Kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi ya picha ya pekee; chipu yake huazima sehemu ya kumbukumbu hiyo hiyo, hivyo kumbukumbu mbovu nayo huleta michirizi.

Kati ya chipu na mapezi kuna dawa laini ya kupitishia joto. Ikikauka ikawa kama chaki, ifute na upake mpya, kiasi cha punje moja ya mchele. Mwisho tazama kipimo cha joto kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka mashine inapowaka. Nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi ni hali njema. Ikifika 90 hali mashine haina kazi, izime.

Hatua ya tano: kutibu umeme

Umeme wetu hapa nchini ni wa volti 230. Ndani ya boksi kuna pawa saplai, ambayo huugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Volti 12 haitakiwi kushuka chini ya 11.4, wala 5 kushuka chini ya 4.75. Fundi mwenye mita hupima hayo kwa dakika chache.

Wanafunzi wa hesabu waangalie hapa. Mashine inayohitaji wati 200 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.87. Volti zikishuka hadi 170, huvuta ampea 1.18. Yaani umeme ukiwa hafifu, pawa saplai huvuta zaidi na kuchemka zaidi. Ndivyo umeme mdogo unavyozaa joto.

Soma pia lebo yake. Iliyoandikwa wati 300 yaweza kutoa ampea 16 tu kwenye volti 12, ambazo ni wati 192. Ukiongeza kadi kubwa ya picha, mzigo unazidi punda. Jaribu kuchomoa vya ziada: kadi ya picha kama bodi ina tundu lake la picha, diski ya pili, kisomea sidii. Mashine ikitulia, nguvu ndiyo iliyopungua.

Mambo mawili ni ya hatari. Pawa saplai usiifungue, huhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Na ile swichi ndogo nyekundu nyuma yake, yenye 115 na 230, usiipeleke 115 kwa kudhani unaisaidia umeme ukiwa mdogo. Itaungua papo hapo.

Kagua vilevile kapasita, vile vimikebe vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Kichwa chake kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, kimekufa. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata ugonjwa huu duniani kote. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza bodi zenye kapasita mbovu. Kwa hiyo ukinunua mtumba wa miaka hiyo, omba ubavu ufunguliwe kwanza.

Tulipofikia

Pawa saplai yetu ilikuwa na kapasita mbili zilizovimba. Tulinunua nyingine, tukaweka feni mpya na dawa ya joto, tukaihamishia mashine kwenye soketi yake peke yake, mbali na amplifaya. Gharama yote ilikuwa chini ya nusu ya bei ya kile kioo. Kabati tumeliondoa, boksi lipo juu ya meza, shubiri moja kutoka ukutani. Kitambaa cha kufuma hutandikwa baada ya kuizima, si kabla. Kile kioo cha zamani, kilichoambiwa kimekufa, kinafanya kazi mpaka leo. Hicho kipya ni cha akiba, na kimeandikwa kwenye daftari la mali za madrasa.

Kwa sasa wanafunzi wawili wana zamu ya kupangusa vumbi kila mwisho wa mwezi, na maksi hunakiliwa kwenye flashi mbili kila Alhamisi. Moja hukaa kwa mwalimu, moja kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Nasaha yetu kwenu ni hii: fundi akisema kitu kimekufa, muombe kwa adabu akuonyeshe alivyojua. Fundi mkweli hatakasirika. Na sisi tunaoshika mali ya watu tuulize kabla ya kulipa, maana amana haitunzwi kwa nia njema peke yake, inahitaji na elimu. Aliyetuonyesha njia alikuwa ameshika ufagio.